Samaki wa mvua: niliyowaambia vijana wa shule siku ya kuelezwa kazi mbalimbali hapa Malindi

Walioniomba maneno ya siku ile ni wengi, na rekodi ya simu imejaa kelele za feni na tuktuk za barabarani, kwa hivyo nimeyaandika hapa kama nilivyoyasema. Niliporuka mambo nimepaacha vile vile.

Salam aleikum, hamjambo wanangu. Walimu wangu shikamooni. Wazazi mliokaa kule nyuma karibu na mlango mpate upepo nawaona, karibuni mbele, ingawa najua hamji.

Kabla sijasema lolote naomba kijana mmoja aje hapa. Wewe, ndio, wewe unayecheka. Haya, beseni hii nyeupe ina kitu? Haina, muonyeshe na mwenzio. Na hili kopo la maziwa lina nini? Udongo. Eeh, udongo mkavu, nusa, wanuka kama kisima kilichoachwa. Umwage wote ndani ya beseni, usiogope. Sasa mimina maji ya jerikeni hii, haya si ya mfereji manake ya mfereji yana klorini, haya nimekinga mvua ya juzi. Basi, ahsante, kaa. Tuiwache hapo mezani na asiiguse mtu, we mwalimu wa hesabu nakuona.

Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniambia, dada njoo uwaeleze watoto kazi yako ya bahari. Nikamwambia mi sina kazi ya bahari. Akanyamaza kidogo, afu akasema kwani we si mtu wa samaki? Ni mtu wa samaki, lakini wa maji baridi. Na hapo ndipo penye shida yetu sisi watu wa Malindi, ukitaja samaki kila mtu anageuza shingo kuangalia baharini. Hatulaumiki, bahari iko hapo mlangoni, hifadhi yetu ya bahari ipo tangu 1968, na karibu kila nyumba ina mtu aliyewahi kula kwa nahodha au kwa mtalii. Mgongo tumeupa bara, na huko mgongoni ndiko mi nimekula maisha yangu yote.

Hili jina maji baridi lenyewe lanichekesha, manake dimbwi la upande wa Gongoni saa nane mchana jua likiwaka, ukitia mguu utadhani ni maji ya kusongea ugali. Wazee husema maji matamu na naona wao ndio walipatia. Lamu wanajua utamu wake, yale matuta ya mchanga ya Shela mnayoyaona kwenye picha za watalii ndiyo tangi lao, mvua inazama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi, ukivuta kwa pupa chumvi inapanda. Na hapa kwetu nendeni Gede mkatazame visima vile vilivyochimbwa vikachimbwa tena kufuata maji yaliyokuwa yakishuka, kuna wataalam wanaosema ukosefu wa maji ni mojawapo ya sababu mji ule ukahamwa.

Sasa niwape hesabu moja tu ya kichwa. Mito yote, maziwa yote, vinamasi na madimbwi ya dunia nzima, ukivikusanya havifiki asilimia 1 ya uso wa dunia. Samaki wote wanaojulikana na sayansi, kama nusu ya aina zao wanaishi humo ndani ya hiyo asilimia isiyofika 1. Nusu nyingine imegaiwa bahari zote. Sasa nani amebanana, na nani akiharibiwa kwake hana pa kukimbilia?

Mi nimezaliwa njia ya kwenda Mambrui. Pale nyuma ya kwetu palikuwa na bonde dogo, kaskazi likikauka udongo unapasuka vipande kama mkate uliokaa, tunachezea mpira, ng'ombe wanapita. Masika yakija linajaa. Na kila mwaka, wiki mbili tatu baada ya mvua kubwa, tunakuta samaki. Si kambare aliyetembea kutoka mtoni, hapana, samaki wadogo urefu wa kidole gumba, dume ana samawati na wekundu kama amepakwa rangi za tuktuk, jike kijivu tu maskini. Tunawavua kwa kanga ya nyanya. Hawana jina la Kiswahili ninalolijua, sisi tukiwaita samaki wa mvua. Nikamuuliza nyanya wametoka wapi na hapa hapana mto, akanambia wameshuka na mvua. Nikakaa usiku mzima wa mvua kizingitini nimeshika sufuria nje, niwadake wakishuka. Nikapata maji na kikohozi.

Huyo samaki vitabuni anaitwa Nothobranchius, wako wa aina nyingi pwani hii yetu, wa kwetu huku kuelekea Lamu wanaitwa Nothobranchius jubbi. Maisha yake ni ya dimbwi linalokauka. Anaanguliwa mvua ikinyesha, anakua mbio mbio, ana ndugu yake wa Msumbiji amepimwa akakutwa anaweza kuwa mzazi akiwa na wiki mbili, wiki mbili wanangu, nyinyi mna miaka kumi na saba na bado mnafuliwa soksi. Wanataga kila siku ndani ya matope. Afu dimbwi linakauka, baba anakufa, mama anakufa, wote. Yai linabaki ndani ya udongo mkavu, limesimamisha kila kitu, hata moyo linaweza kuusimamisha usijengwe kwanza, linangoja miezi. Na hapa ndipo penye akili nyingi kuliko zangu: hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza. Mengine yanabaki yamelala, manake mvua ya kwanza ya Malindi mnaijua ni muongo, inanyesha siku mbili inakimbia. Wakitoka wote siku hiyo wamekwisha.

Hii niliisikia chuoni mara ya kwanza, mwaka wa pili, mwalimu aliichora ubaoni kwa dakika kumi akaendelea na mambo mengine. Mimi nikashindwa kuandika. Nilikuwa namfikiria nyanya na lile sufuria.

Chuoni kwenyewe nilifika kwa kupotea, nisiwadanganye. Niliomba uuguzi, nikapewa uvuvi na sayansi ya maji, nyumbani wakalia, mjomba akasema yaani umesoma miaka yote uende kuvua? Nikaenda nimenuna. Kwa hivyo nyinyi ambao herufi zenu za mtihani hazitawapa mlichoomba, msikate tamaa haraka, kuna kozi unaingia kwa hasira unatoka nayo mume na watoto. Mi sikuolewa na mtu wa chuo lakini mmenielewa.

Kazi yenyewe ikoje. Asubuhi mapema, mabuti ya mpira yanayofika kifuani, ukiyavaa saa tano jua la Malindi unajipika mwenyewe. Una kimia cha mpini, una beseni nyeupe kama ile, una mashine ya kupima oksijeni na chumvi, una daftari na penseli. Penseli, si kalamu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, nikateleza mto Sabaki kule upande wa Kakoneni, daftari likaingia majini, nikalitoa kurasa zote zimekuwa anga la buluu. Kazi ya miezi mitatu. Tangu siku hiyo nina penseli mpaka kwenye mkoba wa harusi.

Unachota tope la chini unalimwaga kwenye beseni, unakaa kimya. Hicho kimya ndicho watu hawakiwezi. Dakika ya kwanza huoni kitu ila majani. Dakika ya tatu jani moja linatembea, kumbe ni mdudu amejijengea nyumba ya vijiti. Kisha watoto wa kereng'ende, wale mnaowaona wakiruka juu ya maji, utotoni wanaishi chini huko na wana taya linalochomoka kama mkono. Kisha konokono, minyoo. Kila mmoja una maana yake. Kuna wadudu wadogo wenye mikia mitatu, wembamba, hao maji yakiharibika ndio wa kwanza kuondoka, na kuna minyoo myekundu hao wanastahimili uchafu vizuri tu. Mashine inakuambia maji yakoje saa ile ulipoitia, mdudu anakuambia yalikuwaje mwezi mzima, mtu wa kiwanda anaweza kufunga bomba siku ya ukaguzi lakini mdudu aliyekufa jana hamfufui.

Kuna sahani ya kutazamia ukungu wa maji, inaitwa sahani ya Secchi, nyeusi na nyeupe, unaishusha kwa kamba mpaka usiione, unasoma kamba. Sabaki ikiwa imejaa masika sahani inapotea kabla hujaishusha urefu wa kiganja. Ule wekundu wote mnaouona ufukweni kwetu, watalii wakaulizia bahari ya buluu iko wapi, ni udongo wa watu. Mto huu ndio ule ule Athi unaopokea maji ya Nairobi, unapita Ukambani, unakutana na Tsavo unaitwa Galana, ukifika kwetu Sabaki. Majina matatu, maji yale yale. Shamba lililolimwa mpaka ukingoni huko juu linakuja kulala hapa Malindi. Na maji yake ndiyo mnayokunywa, visima vya Baricho viko kando ya mto huo huo, na wanaokunywa Baricho wako mpaka Mombasa.

Ndani ya mto huo kuna mkunga, si yule wa mwambani, wa mtoni. Anazaliwa mbali baharini, upande wa Madagaska, anakuja na mkondo akiwa bapa kama jani, akikaribia pwani mwili umekuwa kioo, ukimlaza juu ya gazeti unasoma habari. Anaingia mlango wa Sabaki usiku, anapanda bara, anakaa huko miaka na miaka, halafu siku moja anarudi baharini kuzaa, na hiyo ndio safari yake ya mwisho. Ukimwekea ukuta mtoni usio na njia yake umeua kizazi ambacho hakijazaliwa, tena kingezaliwa mbali huko.

Na kamba wa mtoni naye, wengi mnamjua, yule wa mikono mirefu. Watoto wake wanahitaji maji yenye chumvi chumvi kukulia, lazima mto uwe wazi ateremke apande. Senegali walijenga lambo la Diama likamalizika 1986, kamba wakazibiwa njia, na pamoja na mambo mengine yaliyobadilika pale kichocho kikapanda vibaya, manake kamba ndiye alikuwa anakula konokono wenye kichocho. Miaka ya karibuni watafiti wakarudisha kamba penye kivuko cha maji cha kijiji kimoja, konokono wakapungua na maambukizi yakapungua. Mimi hii habari naipenda kwa sababu yangu mwenyewe, manake kichocho nimekipata, mara mbili, mkojo damu, na mara ya kwanza nilificha wiki nzima nikiona haya. Ukifanya kazi hii ukaona hivyo nenda hospitali, vidonge vipo, hakuna aibu. Viboko je? Mlangoni mwa Sabaki wapo na mnajua. Kanuni yangu ni moja, usisimame kati ya kiboko na maji, na ukiwa na mvuvi mzee mwenyeji akisema turudi, unarudi, hata kama una barua ya profesa.

Naona saa inakimbia, hebu niseme lile lililonileta.

Nilikuwa na madimbwi sita niliyokuwa nayafuata. Niliyapa namba. La nne lilikuwa zuri kuliko yote, kama viwanja viwili tu vya voliboli kwa ukubwa, lakini ndani yake mlikuwa na samaki wa mvua wa aina mbili, mlikuwa na kambare mamba, yule anayepumua kwa mapafu na anajifukia matopeni ukame ukija, vyura sijui aina ngapi. Nililifuata miaka minne. Kila masika napima, napiga picha, najaza jedwali, naandika ripoti. Ya Kiingereza. Inakwenda chuoni, inakwenda kwa waliotoa pesa, wananiandikia kazi nzuri sana.

Mwaka wa tano nafika na pikipiki, namwambia boda nishushe hapa. Ananiuliza hapa wapi? Nikaona ukuta wa mabati na kifusi cha murram, lori lingine lilikuwa linarudi nyuma, lile linalopiga tii tii tii. Dimbwi halipo. Pamesawazishwa kama meza.

Nikafanya fujo, nilipayuka pale mpaka dereva wa lori akazima injini kwa huruma. Wakanionyesha makaratasi, na makaratasi yalikuwa sawa, mradi ulikuwa na ripoti yake ya athari kwa mazingira kama sheria ya 1999 inavyotaka. Nikaisoma. Ukurasa mmoja umeandikwa eneo ni kavu, hakuna viumbe wa majini. Nikatazama tarehe ya aliyekwenda kukagua: Februari. Februari wanangu! Kaskazi! Mtu amesimama juu ya mayai maelfu ameandika hakuna kitu, na kwa macho yake hakudanganya.

Nilimkasirikia mtu yule miezi mingi. Mpaka siku moja nikakutana na mama mwenye kibanda cha viazi karai pale mbele, akanambia, sisi tulikuwa tunakuona kila mwaka na mabuti yako, tukajua unapima kiwanja. Yaani miaka minne nakunywa chai kwake, na hajui kama ndani ya lile dimbwi mna kitu. Watu wa pale waliitwa kwenye mkutano wa mradi, wakaulizwa kuna lolote la kusema juu ya mazingira, wakasema hakuna. Wangesema nini? Mimi ndiye niliyekuwa najua, na nilikuwa nimemwambia kila mtu isipokuwa anayekaa hapo. Na muda wa kutoa maoni juu ya ripoti ile ulipita nikiwa mjini naandika ripoti yangu.

Basi. Kazi hii nusu iko majini na nusu iko mdomoni, na mimi ile ya pili nilikuwa siifanyi.

Kuna chura mmoja Tanzania, mnisikilize kidogo, chura wa Kihansi, milima ya Udzungwa. Mdogo wa manjano, anatosha kukaa juu ya sarafu, na hatagi, anazaa watoto kabisa. Sayansi ilimjua 1996 tu, na dunia nzima aliishi chini ya maporomoko ya mto Kihansi tu, mahali pa hekta kama mbili hivi penye manyunyu ya maji. Lambo la umeme lilikuwa tayari linajengwa. Mwaka 2000 maji yakageuzwa, yakabaki kidogo sana, manyunyu yakaisha. Lakini kwa sababu kulikuwa na watu waliopiga kelele mapema kidogo, mwaka huo huo vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kulelewa. Porini wakaisha, 2009 wakatangazwa hawapo tena kwenye mwitu. 2010 wakarudishwa Dar es Salaam kwenye maabara ya chuo kikuu, na 2012 wakaanza kurudishwa kwao bondeni, ambako wamewekewa mabomba ya kunyunyiza maji. Ni gharama, ni kazi, na umeme wa Tanzania pia watu wanauhitaji, mi si mtu wa kusema taa zizimwe kwa ajili ya chura. Ninachosema walijua wana nini kabla hakijaisha, wakachelewa lakini hawakuchelewa kama mimi.

Mimi nilibaki na kopo. Udongo wa dimbwi la nne niliouchukua mwaka uliotangulia, kwa kibali, nimeuweka kabatini. Niliutia maji, wakaanguliwa kumi na wanane. Wakataga, nikakausha, nikatia maji tena. Watoto wa watoto wa watoto wao ndio hao mnaowangoja kwenye beseni. Na sitaki mtu aende kuchimba udongo wa madimbwi kesho, ukitaka utafiti kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kuna watu wa wanyamapori, mnanisikia?

Sasa mambo ya ajira, haraka haraka. Ukipata bailojia na kemia nzuri, jiografia pia, na hesabu, hesabu msizikimbie manake samaki mmoja hana habari, samaki mia tano wana habari. Chuo Kikuu cha Pwani hapo Kilifi, Egerton kule Njoro wana shahada ya pili ya maji baridi na ardhi oevu wanaifundisha pamoja na vyuo vya Austria na Uholanzi. Waajiri ni taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, jina lina bahari lakini wana vituo kwenye maziwa, Makumbusho ya Kitaifa, mamlaka ya maji, NEMA ya mazingira, KWS ya wanyamapori, kaunti, mashirika ya uhifadhi kama ya Watamu na yale ya delta ya Tana, ambayo tangu 2012 ni ardhi oevu ya mkataba wa Ramsar, ule wa dunia wa kulinda ardhi oevu, na kampuni zinazoandika hizo ripoti za athari. Ndio, hizo hizo. Mimi natamani wawili kati yenu mwende huko, muwe nyinyi mnaoandika "nimefika Februari, nitarudi Mei."

Maswali. Wewe. Mshahara? Nilijua. Nilianza kwa posho ya shilingi 700 kwa siku na siku za mvua hulipwi, ilhali mvua ndiyo kazi. Miaka sita ya mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sasa nalipa kodi, nalipa karo, gari sina. Ukitaka pesa za haraka kauze ploti, ila uniulize kwanza mna dimbwi.

Wewe binti. Kama na buibui waweza kuingia majini? Mimi hapa unanionaje? Suruali ya mabuti inaingia ndani, mtandio unafungwa nyuma ya shingo usimwagikie kwenye sampuli. Kilichonisumbua si nguo. Ofisi moja niliyokwenda kuomba mafunzo waliniambia kazi ya mtoni si ya msichana, nikakae na mafaili. Nilikaa nayo wiki mbili, nikayasoma yote, ndimo nilimoona ramani za zamani za madimbwi. Kwa hivyo nawashukuru, kwa shingo upande.

Mzee kule nyuma. Huyu samaki analiwa? Aa, mzee wangu, haliwi, utakula mia usishibe. Sasa ana faida gani? Swali hili silipendi lakini nalijibu. Anakula viluwiluwi vya mbu. Na wazungu Ujerumani na Marekani wana maabara zinamfuga yule ndugu yake wa Msumbiji wajue mwili unazeeka vipi, manake yeye anazaliwa, anazeeka na kufa ndani ya miezi michache, unaona uzee wote kabla ruzuku ya utafiti haijaisha. Lakini hata asingekuwa na faida hiyo, mzee, mimi na wewe tumemkuta hapa.

Na yule aliyeuliza kama kweli asilimia 85 ya wanyama wa maji baridi wamekufa, umeisoma kwenye simu, ee? Ripoti ya WWF, shirika la uhifadhi, ya 2024. Haisemi hivyo. Wanafuata makundi ya wanyama waliyonayo kwenye hesabu, samaki, ndege, vyura, wakatazama kila kundi limepungua au limeongezeka kiasi gani tangu 1970, wastani wake ukashuka asilimia 85. Kundi dogo likiporomoka linavuta wastani. Ni habari mbaya tosha bila kuongezwa chumvi. Na hesabu nyingine ya Januari 2025, walitazama aina 23,496 za samaki, kereng'ende, kaa na kamba wa maji baridi, karibu robo wako hatarini kutoweka. Jifunzeni kusema hesabu ilivyo, manake siku utakayotia chumvi ndio siku mwenye lori atakukamata nayo.

Haya tuitazame beseni. Njoo wewe uliyemimina. Unaona nini? Majani. Tazama tena. Majani. Walimu? Hakuna kitu. Vizuri, hakuna kitu, mmeona, nimekuja mbele za watu mia mbili na beseni ya matope. Niliyaangalia mayai kwa lenzi jana usiku, macho yalikuwa yanaonekana ndani, yako tayari, lakini yai halijui ratiba ya shule. Mwalimu, uiweke ofisini penye kivuli usiifunike na mfagizi asiimwage.

Hapo hotuba iliishia, tukala mahamri.

Kesho yake saa tatu usiku mwalimu wa hesabu akanitumia picha kwa WhatsApp, imetikisika, na maneno: dada kuna vitu vinatembea, vinne. Sikuweza kujua ni nini, manake mayai ya mbu wa dengi nayo hukaa kwenye ukavu miezi yakaanguliwa ukitia maji, na beseni ile ilikuwa wazi. Nikamjibu: pitisha mkono juu yake, kivuli kikiingia, anayening'inia mkia juu halafu anazama kwa kujikunja kunja ni kiluwiluwi, anayerukaruka chini chini kama anajifunza baiskeli ni wetu.

Ikakaa kimya nusu saa. Akajibu: watatu baiskeli. Mmoja nimempoteza.